Huduma ya tanzia kwa simu: nibaki redioni au nikaanzishe yangu?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mtayarishaji wa vipindi katika redio kongwe hapa Unguja, nimeitumikia zaidi ya miaka kumi. Mwaka jana nilipeleka wazo kwa wakubwa: matangazo ya vifo ambayo watu huja kuyalipia dirishani yapokelewe pia kwa simu, yalipiwe kwa pesa za simu, na yakishasomwa hewani yatumwe kwa jamaa kwa ujumbe mfupi na kwa WhatsApp, hata walioko Oman na Uingereza. Wazo likapigiwa makofi. Baadaye likapelekwa Kitengo cha TEHAMA, ikaundwa kamati, na sasa wanazungumzia zabuni ya kutengeneza programu ya simu. Idara ya masoko nayo imenuna, inasema tutaua mapato ya dirisha. Rafiki zangu wananambia niache kazi nianzishe mwenyewe. Je, ubunifu unawezekana ndani ya chombo kikongwe, au najidanganya? Na nikibaki, niombe nini? — Bi Z., Mjini Magharibi

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu.

Kwa wazo hili, baki. Lingekuwa wazo jengine, tuseme chaneli ya vichekesho au duka la viungo la mtandaoni, ningekwambia ondoka hata kesho, maana huko redio haina cha kukuongezea isipokuwa barua za kuomba ruhusa. Tanzia ni habari nyengine. Anayekuja dirishani na pesa yake hanunui sekunde za hewani, ananunua uhakika: kwamba likishasomwa na redio ile, kwa sauti ile, hakuna atakayeuliza tena kama ni kweli. Uhakika huo umejengwa na watu waliokutangulia kwa miongo, na ukitoka mlangoni huwezi kuutia mkobani. Rafiki zako wanaona teknolojia, na teknolojia yenyewe kweli unaweza kuinunua popote. Hawaoni kwamba ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko zote.

Lakini usibaki ukingoja kamati. Kwa jinsi ulivyoandika, wazo limeshaanza kufa, na halifi kwa uadui. Linakufa kwa taratibu za kawaida za nyumba kubwa, ambazo huchukua kila kitu kipya na kukipimia mizani ya kile cha zamani.

Kabla ya kuzungumza fedha, nakuomba jambo moja. Kaa pale dirishani asubuhi nzima, uangalie tu. Anaingia kijana wa kanzu, macho mekundu, mkononi ana karatasi ya daftari la skuli iliyoandikwa pande zote mbili. Bibi wa dirishani haisomi mara moja. Anauliza kwanza: marehemu wa wapi, anasaliwa msikiti gani, saa ngapi, mkubwa wa msiba nani. Halafu anaanza kukata majina. Kijana anataka watajwe wajomba wote, na watoto wa mama mkubwa wa Chake, na shemeji aliyeko Muscat, kwa kuwa asiyetajwa hununa mpaka arubaini ipite. Bibi anapunguza bila ya kumuudhi mtu. Anajua kwamba "na ukoo mzima wa fulani" inawaridhisha wanane kwa mkupuo. Akiona jina la mtaa ambao hana uhakika nao, ananyanyua simu.

Hiyo ndiyo huduma. Hapo ndipo panapochujwa uzushi, ndipo panapopangwa maneno, na hakuna hata mmoja katika kamati ya zabuni aliyewahi kukaa pale. Programu inayotengenezwa na watu wasiomjua bibi yule itakuwa na sehemu ya kujaza jina, sehemu ya tarehe na kitufe cha kutuma. Wiki ya kwanza tu atatangazwa mtu aliye hai, na uhakika wenyewe umeshakwenda.

Ukikaa pale utaona na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalolipa wazo lako nguvu. Kwetu maiti haikai. Aliyefariki alfajiri anazikwa adhuhuri, ikichelewa sana alasiri. Redio husoma tanzia kwa saa zake, na saa hizo zilipangwa wakati watu wote walikuwa wanakaa na redio barazani. Leo mtu wa Wete anayeishi Mwanakwerekwe akiisikia tanzia mchana, boti ya asubuhi imeshang'oa nanga bandari ya Malindi hapa Unguja na mazishi yamempita. Ujumbe ungemfika saa moja asubuhi angewahi bandarini. Basi usiwaambie wakubwa kwamba huduma yako ni "ya kidijitali". Waambie inamuwahisha mtu mazikoni. Kila aliyekaa mezani pale amewahi kukosa maziko ya mtu wake, na neno hilo hawatalipeleka TEHAMA.

Sasa hofu ya idara ya masoko. Usiidharau, kwa sababu historia iko upande wao kuliko wanavyojua wenyewe. Mwaka 1995 Craig Newmark alianza kuwatumia rafiki zake wa San Francisco orodha ya matukio kwa barua pepe. Orodha ikakua ikawa mtandao wa Craigslist, ambako matangazo mengi madogo, ya nyumba, kazi na vitu vilivyotumika, yaliwekwa bure. Matangazo madogo ndiyo yaliyokuwa yakiyalisha magazeti ya Marekani. Magazeti yale yalikuwa na kila kitu, majengo, wahandisi, majina ya kuheshimika, lakini hakuna mkuu wa idara aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa bure kile ambacho idara yake inakiuza. Wakangoja. Ikawa mtu wa nje ndiye aliyetoa.

Norway walifanya vyengine. Mwaka 2000 magazeti makubwa, likiwemo Aftenposten la kampuni ya Schibsted, yalijumuika kuanzisha FINN.no, soko la mtandaoni la nyumba, magari na ajira. Walijua wazi kwamba litakula kurasa zao wenyewe za matangazo. Wakaliacha lizile, likiwa kampuni yake, na watu wake, na hesabu zake. Kurasa za matangazo zikapungua kweli kama ilivyotabiriwa, ila fedha ilihamia mfuko wa pili wa suruali ileile. Schibsted imeanzishwa 1839. Nyumba ya umri huo ikikubali kujila yenyewe, ya kwenu haina udhuru wa uzee.

Na wewe unaye Craigslist wako, tena yupo tayari: grupu la ukoo. Kila familia ya Unguja na Pemba ina grupu la WhatsApp, na msikiti unalo, na wanafunzi waliomaliza skuli pamoja wanalo. Tanzia inafika huko kabla karatasi haijafika dirishani, na ni bure. Masoko wanapokwambia kwamba simu itaua dirisha, wajibu kwa upole kwamba simu imeshaanza kuliua, swali lililobaki ni simu ya nani. Kitu ambacho grupu la ukoo halina ni mtu wa kuhakikisha. Wala halimfikii aliyesoma na marehemu miaka arubaini iliyopita, au aliyekuwa akimuuzia samaki, ambao hawamo ukooni lakini wangetaka kuzika.

Tufanye hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano tu; wewe weka za kwenu. Tuseme dirisha linapokea matangazo 15 kwa siku, kila moja shilingi 10,000. Hiyo ni 150,000. Hofu ya masoko ni kwamba wote watahamia kwenye simu kwa nusu bei, pato lishuke hadi 75,000. Hofu hiyo ni ya kweli endapo utaifanya simu iwe njia ya bei rahisi, kwa hiyo usifanye hivyo. Bei ya kusomwa hewani ibaki ileile, mtu aje dirishani au apige simu. Unachokiuza juu yake ni kutumiwa jamaa: orodha ya namba ambazo familia yenyewe imezileta, tuseme shilingi 6,000. Watano kati ya 15 wakichukua, umeongeza 30,000, toa gharama za ujumbe. Hapo hujamgusa mteja mpya hata mmoja. Yupo aliyeko Konde ambaye nauli ya kuja mjini ni kubwa kuliko bei ya tangazo. Yupo aliyeko Muscat ambaye mama yake amefariki Makunduchi na hana njia ya kutangaza isipokuwa kumsumbua ndugu ambaye muda huo anatafuta sanda. Hao hawajawahi kuingia kwenye vitabu vya masoko, na ndio faida yako.

Lililo gumu zaidi ni kwamba hata hesabu ikiwa nzuri namna hii, mkuu wa masoko bado ana sababu ya kukupinga: mwisho wa mwaka yeye anapimwa kwa mapato ya dirisha, hapimwi kwa yako. Ukimlaumu unamuonea. Gazeti la USA Today lilikwama hapohapo mwishoni mwa miaka ya 1990. Tovuti yao ilikuwa imetengwa ijitegemee, ikakua, lakini gazeti likawa halina sababu ya kuisaidia, na waandishi wakawa wanaficha habari zao nzuri zisitoke mtandaoni kabla ya asubuhi. Tom Curley, aliyekuwa rais wa gazeti, hakuivunja tovuti na kuimeza. Aliiacha ibaki na watu wake, ila wakuu wa pande zote, gazeti, tovuti na televisheni, akawaweka meza moja kila siku, na akabadilisha bakhshishi zao za mwaka zitegemee mafanikio ya pande zote tatu. Baadhi ya wakubwa hawakukubali na wakaondoka. Waliobaki wakagundua ghafla kwamba tovuti si adui.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, ndiyo, lakini ukiwapa malisho ya pamoja unapunguza pembe. Kwa hiyo pendekeza hivi: kila shilingi ya huduma mpya iingie kwenye daftari lake la peke yake, lakini katika tathmini ya mwaka ihesabiwe pia kuwa ni mafanikio ya idara ya masoko. Kwenye fedha mara moja, kwenye sifa mara mbili. Sifa hailiwi na mtu, lakini katika nyumba kongwe ndiyo inayofungua milango. Na bibi wa dirishani apate kitu kwa kila tangazo la simu analolihakiki. Asipopata, utamkuta kila siku ana "mtandao mbovu".

Kuhusu zabuni ya programu: izuie. Ukishindwa kuizuia, icheleweshe.

Najua ni neno zito kumwambia mtu anayeulizia ubunifu wa teknolojia. Lakini gharama kubwa zilizowahi kutupwa na vyombo vya habari zilitupwa kwenye chombo kabla ya huduma. Kampuni ya magazeti ya Knight Ridder ya Marekani ilizindua Viewtron mwaka 1983 huko Florida kusini, miaka kumi na zaidi kabla ya watu wengi kulijua neno intaneti. Ukiwa na mtambo maalumu uliounganishwa na televisheni na simu ya mezani, unasoma habari, unaangalia benki, unanunua vitu. Walikuwa mbele ya dunia nzima. Ikafungwa 1986 baada ya kula takriban dola milioni 50. Kosa halikuwa upungufu wa akili. Waliamini kwamba watu wanataka gazeti ndani ya skrini, kwa kuwa wao walikuwa watu wa gazeti, kumbe wateja walivutiwa zaidi na kuandikiana wao kwa wao. Jibu lilikuwa mbele ya macho yao, ila halikuwa na jina katika idara yoyote ya nyumba ile.

Na tusiende mbali. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara televisheni ilianza 1994. Miaka ishirini ya kutangulia! Leo niambie, nyumba nyingi za Ng'ambo zinalipia king'amuzi cha nani? Cha Azam, kilichoingia sokoni 2013, mali ya Bakhresa ambaye ni mzaliwa wa hapahapa na alikuwa maarufu kwa unga. Kutangulia kwa mtambo ni heshima, na Karume House, makao ya televisheni ya Zanzibar, wana haki ya kujivunia, lakini mtambo haukai mbele wenyewe bila ya mtu wa kuuliza kila mwaka wanaoutazama wanataka nini na watalipia nini. Haya, nimetoka nje ya swali.

Unachokihitaji kwa kuanzia ni simu mbili na bibi wa dirishani. Moja ni ya kupokea. Nyengine ni ya kutuma. WhatsApp ya kawaida inakuruhusu kutuma kwa orodha ya watu 256 kwa mara moja, na humfikia aliyehifadhi namba yako tu. Kwa familia moja inatosha kabisa. Kwa umma fungua chaneli ya WhatsApp, huduma iliyokuja 2023, ambayo mfuasi haoni namba ya mfuasi mwenziwe. Ningefungua moja kwa kila mkoa, yaani tano, kwani mtu wa Kusini Unguja hataki kuamshwa kwa kila msiba wa Micheweni, na wa Micheweni hivyohivyo. Wenye simu za kitochi, na wazee wetu wengi ndio hao, wapelekee ujumbe mfupi kupitia kampuni yenye leseni ya kutuma ujumbe kwa wingi, ukitokea kwa jina la redio yenu badala ya namba. Jina hilo juu ya ujumbe ndiyo mali yenyewe.

Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, na hilo ni jambo jema kwa sababu linamaliza ugomvi wa majina:

"TANZIA: Bi Fulani bint Fulani wa Mtambwe. Maiti itasaliwa Msikiti wa Ijumaa Wete leo saa 7 mchana, kuzikwa Mtambwe. Mkubwa wa msiba: Bw. Fulani."

Wajomba wote watasomwa hewani kama kawaida. Hivyo redio inabaki na kazi ambayo simu haiwezi kuifanya, na masoko watakuwa na la kuwaambia wateja.

Usitume chochote kabla watu wawili tofauti hawajathibitisha: mkubwa wa msiba, na sheha wa shehia au imamu wa msikiti uliotajwa. Andika jina la aliyethibitisha na saa. Ni dakika tano. Uzushi wa kifo ukitoka katika grupu la ukoo watu watacheka na kusameheana. Ukitoka kwenu chini ya jina la redio, hamtasamehewa. Na kitu kimoja ambacho sitaki hata kikajadiliwe na kamati: tangazo la biashara lisikae karibu na tanzia, wala chini yake, wala kwenye chaneli hiyohiyo. Atatokea mtu wa masoko na wazo la mdhamini. Mkatalie siku ya kwanza.

Malipo yakubali mitandao yote ya simu. Ezypesa, pesa za simu za Zantel, ilizoeleka hapa visiwani, lakini tumeona Zantel ilivyoungana na Tigo na 2024 jina likawa Yas. Huduma yako isifungwe kwenye jina la kampuni moja. Ada ilipwe kabla ya kusomwa, risiti iende kwa ujumbe. Maskini asiye na cha kulipa asomewe kama dirisha linavyofanya sasa, na likitokea liandikwe.

Sheria nitapita haraka, kwani kampuni ina mwanasheria. Yanayosikika hewani yako chini ya Tume ya Utangazaji Zanzibar. Mawasiliano ya simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo jina la kutumia ujumbe na kila kinachotoka mtandaoni kitakukutanisha na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo kanuni zake za maudhui ya mtandaoni zilitolewa 2018 zikaandikwa upya 2020. Hapa ndipo panapomuuma anayeanza peke yake: leseni na ada ambazo kampuni yako inazibeba, huenda tayari inazo, zingekuangukia wewe. Na zile orodha za namba za jamaa ni taarifa binafsi za watu. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zitumike kwa msiba ule tu kisha zifutwe. Siku mtu aliyetumiwa tanzia akaletewa ofa ya bima kwa namba ileile, mumekwisha.

Sasa uliloliuliza mwisho, uombe nini. Andika karatasi moja tu, isifike ya pili. Ombi lako la kwanza liwe mlango: mtu mmoja wa juu, mkurugenzi mwenyewe au naibu wake, ambaye unamripoti moja kwa moja kwa huduma hii bila kupitia TEHAMA wala masoko. TEHAMA wawe wasaidizi wenye jina la mtu na saa za kazi, wasiwe wamiliki. Nasema hili nikijua watakasirika. Vitengo vyetu vya TEHAMA vimeundwa kulinda mitambo isizimike, kazi ya heshima, na mtu aliyeajiriwa kuzuia mabadiliko ya ghafla hawezi kupewa kulea kitu kinachobadilika kila wiki.

Halafu omba fedha kidogo. Kidogo kweli: simu, vocha, malipo ya ujumbe, posho ya bibi. Kiasi ambacho mkurugenzi anaweza kukisaini bila bodi. Ukiomba nyingi unaitisha kikao, na kikao kinaitisha zabuni. Daftari la fedha la peke yake nimeshalisema. Kama nyumba yenu ni ya umma na mapato yanakwenda katika mfuko wa pamoja, basi omba angalau mstari wake katika hesabu, uonekane kila mwezi. Usipouona huo mstari, baada ya mwaka hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba huduma ilileta chochote, wala wewe.

Omba na eneo dogo la kujaribia. Mimi ningechagua Wapemba wanaoishi Mjini Magharibi, kwa vile ndio wenye maumivu ya boti, na ukiwa na watu wa kuaminika Wete na Chake Chake unaweza kuhakiki pande zote mbili. Miezi sita. Na muandike sasa, kabla ya kuanza, nini kikionekana huduma iendelee na nini kikionekana ifungwe. Pima kilicho cha kwako: ni tanzia ngapi ziliwafika jamaa kabla ya saa ya maziko, ni familia ngapi zililipia kutumiwa, ni makosa mangapi yalitoka. Wakikupima kwa idadi ya wafuasi, watakulinganisha na wachekeshaji wa TikTok na utaonekana umeshindwa.

La mwisho katika karatasi ni wewe. Watu wetu wanaona haya kulitaja, halafu wanaondoka kwa kinyongo. Andika kwamba huduma ikifikia kiwango fulani utapewa cheo cha kuiongoza, na asilimia ya kinachobaki kwa muda maalumu. Wakikataa asilimia, cheo. Wakikataa vyote, umeshajua nyumba inavyokuona, na umejua kwa gharama ya karatasi moja.

Watakaotaka kukutia moyo watakutajia Naspers ya Afrika Kusini, iliyoanza 1915 kwa kuchapisha gazeti na mwaka 2001 ikanunua asilimia 46.5 ya Tencent ya China kwa dola milioni 32, bahati iliyowafanya matajiri wa ajabu. Hadithi tamu, lakini haikuhusu. Ule ulikuwa uwekezaji wa mtu mwenye mtaji. Wewe huna mtaji, una dirisha.

Na kuondoka? Kabla hujalifikiria, soma mkataba wako wa ajira, hasa kifungu cha kazi unazozibuni ukiwa mwajiriwa. Mara nyingi huwa ni za mwajiri. Wazo uliloliwasilisha kikaoni kwa maandishi, likapigiwa makofi na kuandikwa katika muhtasari, ukilianzisha nje mwezi unaofuata litakuletea barua ya mwanasheria. Ikiwa miezi sita imepita, mlango wa juu umefungwa na huduma imerudishwa kamatini, basi ondoka na ujuzi wako, ukaanzishe biashara nyengine iliyo jirani: kwa mfano kuwauzia redio nyengine za visiwani na za Bara mfumo wa kupokea na kuhakiki matangazo ya watu, kila redio ikitumia jina lake na uhakika wake. Hapo hushindani na sauti ya redio. Unauza kile ulichojifunza pale dirishani, na pengine mteja wa kwanza akawa mwajiri wako wa zamani.

Jambo dogo ambalo wengi hulisahau: ile laini ya simu ya kupokelea tanzia isisajiliwe kwa jina lako, hata wakikwambia ni kwa muda tu. Isajiliwe kwa jina la kampuni, na namba ya siri wawe nayo watu wawili. Ikibaki yako, siku ya kugombana utaambiwa umeiba wateja, na siku ya wewe kuugua hakuna atakayepokea simu.